Mkono wa kushoto wa Chopin

Mwezi mzima sasa niko kwenye ukurasa mmoja wa noti. Ni preludi (kipande kifupi cha piano) ya nne katika zile 24 za Chopin, mtunzi wa Poland, ya E maina, yaani ya huzuni na nyumbani kwake ni noti E. Ni baa 25 tu, vile vipande vidogo vinavyogawa mapigo. Mpiga kinanda wa kanisani kama mimi akiitazama atasema hii ni ya dakika kumi. Nami nilisema hivyohivyo.

Mkono wa kulia karibu hauna kazi. Sisi tuliokulia kwenye solfa, ile ya do-re-mi, tunausoma hivi: mi, fa, mi, fa, mi, fa. Baa tatu nzima unagusa fa na kurudi, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akalimeza. Mwalimu wetu wa kwaya angeletewa wimbo huo, angeurudisha.

Mambo yako kushoto. Kodi (si ile ya mwenye nyumba, ni noti zinazopigwa kwa pamoja) zinagongwa nane kila baa, noti tatutatu. Nilipokuwa nazipiga kama mabonge hazikunipa kitu. Jumamosi baada ya mazoezi nikaziandika kwa solfa kwenye daftari, nikawagawia wanaume watatu: juu la, katikati mi, chini do. Wakaimba midomo imefumbwa. Mara nyingi anayeteleza ni mmoja tu, nusu hatua, wenzake wametulia palepale. Halafu zamu ya mwingine. Yule wa chini, wa sauti ya nne (besi), akalalamika: "Kaka, mbona nazama tu na sifiki?" Ndiyo yenyewe! Kodi ya kwanza imeegemea G, si E. Nyumba imeanza bila msingi. Ile mi ya mkono wa kulia haichoshi kwa sababu kila ikirudi inakuta chini pamehama.

Chopin alizimalizia preludi hizi Majorca, kisiwa cha Hispania, baridi ya 1838 kuingia 1839, kifua kinamsumbua. Wengi husikia humo mvua na kikohozi. Mimi namsikia zaidi Bach, mtunzi Mjerumani wa kabla yake, ambaye noti zake Chopin alisafiri nazo kisiwani.

Baa ya 17 anapaza sauti, mara moja tu, kisha anafifia hadi kimya. Zinabaki kodi tatu. Kwenye mazishi yake Paris, Oktoba 1849, preludi hii ilipigwa kwa ogani, nami naelewa kwa nini: ile E ya mwisho iko chini mno kwa koo la mtu. Wetu wa sauti ya nne alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikamshikia kwa kinanda.