69 kwa 58

Simu iliingia saa nne asubuhi, Jumanne, nikiwa nimejilaza chini ya injini ya Cessna 172 nikisubiri oili iishe kumwagika. Mkufunzi wetu alikuwa anaongea polepole kupita kiasi, kama mtu aliyebeba sufuria ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni. "Fundi, tuko wazima wote wawili. Ndege imeinama pua." Nikamuuliza swali moja tu: injini ilikuwa inazunguka? "Ilikuwa inazunguka. Ikajizima."

Niliketi palepale sakafuni nikasahau oili.

Ilikuwa Cessna 152 yetu, ndege ya kufundishia, ile ambayo wanafunzi huigombania kwa sababu mlango wake wa kushoto hufungika bila kupigwa bega. Mwanafunzi alikuwa anageuza mwisho wa kiwanja cha murram huko Kajiado, mvua za Machi zimeshakuza nyasi, na chini ya nyasi kulikuwa na shimo la ngiri. Gurudumu la mbele likazama. Propela ikachimba udongo mara mbili tatu, basi. Nilipofika na pikapu, mwanafunzi alikuwa amesimama mbali kidogo na ndege, mikono mfukoni, akitazama upande wa Ngong kama mtu anayengoja matatu. Panga moja la propela lilikuwa limekunjika nyuma kama sikio la mbwa. La pili ukilitazama harakaharaka ungesema ni zima. Halikuwa zima.

(Kamusi zinasema rafadha. Sijawahi kumsikia mtu yeyote pale Wilson, uwanja wetu wa ndege Nairobi, akisema rafadha. Sisi husema propela, na vijana wanaoosha ndege husema pangaboi, na wote tunaelewana.)

Injini nitaipitia haraka. Propela ya ndege hizi imefungwa moja kwa moja kwenye krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo panga likigonga ardhi pigo lote linaingia ndani. Mwaka 2004 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la lazima kwamba injini za Lycoming za jamii hii zikipata pigo la propela, nyuma ya injini pafunguliwe ikaguliwe gia ya krenkishafti, pini yake na nyuzi za tundu la bolti. Na pigo halina maana ya chuma kupinda tu. Ukiingia kwenye maji au nyasi ndefu mizunguko ikashuka ghafla, hilo nalo limehesabiwa pigo. Injini ikashushwa, ikaenda zake kufunguliwa, na mambo mengine yote ya injini ni hadithi ya bima. Hiyo nitaisimulia siku nikiwa na hasira za kutosha.

Nilichobaki nacho mimi kilikuwa ndege isiyo na pua, wanafunzi tisa wanaokunywa chai kwenye kantini badala ya kuruka, na Kapteni, mwenye shule, ambaye kila asubuhi alikuwa anapitia hangani na swali lilelile: "Fundi, propela?"

Wiki ya kwanza alidhani ninamzungusha. Mtu akiangalia Wilson ataona propela kila mahali: zimetundikwa kwenye kuta za ofisi, zimeegemezwa nyuma ya makabati, moja najua imefanywa saa ya ukutani. Chuma si tatizo.

Kwenye kitovu cha propela yetu palikuwa pamegongwa maandishi haya: 1A103/TCM6958. Hiyo ni ya kampuni ya McCauley. 69 ni kipenyo kwa inchi. 58 ni mwendo: kama propela ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao, kila mzunguko mmoja ingesonga mbele inchi 58. Ipige hesabu kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, unapata kama kilomita 212 kwa saa, za kwenye karatasi, maana hewa si mbao na propela huteleza. Propela ya 48 kwa mizunguko hiyohiyo inakupa kama 175. Watu wa magari watanielewa nikisema moja ni gia kubwa na nyingine ni gia ndogo.

Sasa, kila aina ya ndege ina hati inayotaja injini gani na propela gani zimekubaliwa juu yake. Ya Cessna 150 na 152 ni namba 3A19, na yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Kwa 152 yetu inataja 1A103/TCM6958, kipenyo kisizidi inchi 69 na kisipungue 67.5. Halafu inasema ndege ikiwa imesimama na mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, mizunguko isizidi 2,380 wala isipungue 2,280, na hakuna nyongeza yoyote inayoruhusiwa juu ya hapo. Ukitaka nyingine isiyotajwa, utafute cheti cha nyongeza kilichotolewa kwa propela hiyo, kwa ndege hiyo, na kwa injini hiyo. Vyeti vya namna hiyo vipo, lakini ungeongeza bei na ungeongeza makaratasi ya kupeleka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na Kapteni alikuwa ameshaanza kuhesabu siku.

Ndipo akaja na wazo lake. "Fundi, hanga ya jirani kuna propela ya 150. Nimeipima mwenyewe. Inchi sitini na tisa."

Kweli, 69. Lakini 69 kwa 48.

"Ndiyo nzuri hiyo! Hapa Nairobi tunataka ya kupandia."

Na hapo sitamcheka, kwa sababu hoja yake ina mashiko. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali, ukiwa na watu wazima wawili ndani na mafuta ya kutosha, 152 inapanda kama mzee anayepanda ngazi za ghorofa ya saba akiwa na gunia. Gia ndogo ingesaidia kupanda. Ila propela ile ilikubaliwa kwa Continental O-200 ya 150, farasi 100 kwa mizunguko 2,750. Injini ya 152 yetu ni Lycoming O-235, farasi 110, na mstari wake mwekundu, mizunguko isiyotakiwa kupitwa, uko 2,550. Ukiipa gia ndogo namna ile, rubani akinyoosha pua kidogo tu mshale umeshapita mwekundu, na mwanafunzi mwenye saa kumi na mbili tu za kuruka hatazami mshale, anatazama upeo wa macho na jasho linamtoka.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho, nalo ndilo hunikosesha usingizi. Kila silinda ikiwaka inaipiga krenkishafti kofi, na propela inaitikia kwa kutetemeka. Kwa mizunguko fulani mitetemo ya injini na ya propela hukutana na kusaidiana, na chuma huchoka kabla ya siku zake. Yeyote aliyerusha Piper Cherokee 180 yenye propela ya Sensenich anaujua ule upinde mwekundu katikati ya saa inayoonyesha mizunguko, kati ya 2,150 na 2,350, hapo usikae. Haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Mtu alipima. Kwa ndoa ya propela ya 150 na injini ya 152 hakuna mtu aliyenipimia, na mimi nina kalamu tu ya kutia sahihi.

Kapteni akanyamaza, akaondoka. Kesho yake: "Fundi, propela?"

Ya pili ilikuwa nzuri kweli. Ilitoka kwenye 152 iliyochanwachanwa, na maandishi ya kitovu yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Muuzaji aliileta imefungwa kwenye blanketi la Maasai. Nikailaza kwenye meza, nikatoa utepe, nikapima. Nikapima tena. Nikamwita kijana wangu naye apime bila kumwambia nilichopata. Inchi 67 na robo.

Unajua inavyotokea. Ukiruka kwenye murram, mawe madogo yanang'ata ncha za propela kila siku. Fundi anachukua tupa, analainisha pengo, anamalizia kwa msasa, na ni sawa, ndivyo inavyotakiwa, maana pengo dogo likiachwa huzaa ufa. Lakini miaka ishirini ya tupa ni miaka ishirini. Propela ilikuwa imeliwa kama sabuni.

"Robo inchi tu, fundi! Milimita sita!"

Ndiyo, milimita sita, unene wa penseli. Nikamfungia blanketi lake vizuri, nikamlipia nauli ya kurudi.

Ya tatu ilikuja kwa WhatsApp. Picha nane, mwanga mzuri, rangi mpya nyeusi nyuma ya mapanga, ncha zimepakwa nyekundu. Dalali alikuwa mwepesi wa kujibu, jambo ambalo kwa biashara hii tayari linatia shaka. Nikaomba picha ya fomu 8130-3, ile inayoonyesha kipuri kimetoka wapi, nani amekiruhusu na kwa msingi gani. Ikaja. Nikaomba picha ya kitovu. Ikachukua siku mbili, ikaja. Namba ya serial kwenye karatasi na namba ya serial kwenye chuma zilifanana isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, zilikuwa zimebadilishana nafasi.

"Ni kosa la kuchapa," akaandika, akaweka na kijisura cha kucheka.

Labda. Lakini mwaka 2023 mashirika makubwa ya ndege yaligundua vipuri vya injini za CFM56, injini za ndege za abiria, vilivyouzwa na kampuni moja ya Uingereza kwa vyeti vya kughushi. Kama wenye majumba ya wakaguzi na mawakili waliuziwa, mimi na simu yangu iliyopasuka kioo ni nani? Halafu nilipotazama tarehe ya ovaholi, yaani ukarabati kamili, nikakuta ina zaidi ya miaka tisa. McCauley wanataka propela hizi zifanyiwe ovaholi kila saa 2,000 au miezi 72, lolote litakalotangulia, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye programu yetu ya matengenezo. Kwamba haijaruka hata saa moja tangu hapo hakunisaidii. Chuma kilichokaa stoo pia huzeeka, hasa chini ya rangi mpya.

Nilimjibu asante. Hakujibu, na kijisura hakikuja.

Ya nne niliipata kwa njia ya kizamani: kumuuliza mzee wa stoo wa kampuni tuliyowahi kufanya kazi pamoja, ambaye hana haja na WhatsApp na ana daftari. Akanipa jina la karakana ya propela Afrika Kusini. Nikawaandikia barua pepe yenye maswali sita kabla ya kuuliza bei: picha ya kitovu, fomu ya kuruhusu matumizi, ripoti ya vipimo panga kwa panga, kipenyo kilichobaki, tarehe ya ovaholi, na hali yake kwa agizo jingine la FAA, la 2003, kuhusu nyufa kwenye vitovu vya 1A103/TCM. Wakajibu yote sita kwa barua moja, na chini yake wakaandika: kipenyo 68.6. Nilikaribia kuibusu skrini.

Bei, pamoja na usafiri na ushuru? Probox iliyochoka sana. Kapteni akashusha pumzi, akalipa.

Ilifika kwenye sanduku la mbao lenye skrubu kumi na mbili. Forodhani kijana mmoja aliuliza kama ni feni, nikamwambia ni feni, ya kumpoza rubani, na ikisimama utamwona anavyotoka jasho. Mzaha huo ni wa zamani kuliko sisi sote, lakini yeye alikuwa hajausikia, akacheka mpaka akapiga muhuri.

Kuifunga ni kazi ya asubuhi moja tu: bolti kwa mpangilio wa msalaba, toki, nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, waya wa kufungia ukivutwa kuelekea upande wa kukaza. Nikaweka kiti cha mbao mbele ya panga, nikaweka alama ncha inapopita, nikazungusha kwa mkono nikatazama panga la pili linapita wapi. Tofauti ilikuwa ndani ya inchi moja ya kumi na sita. Kisha nikawasha. Saa ya mizunguko ya ndege ya zamani siiamini, kwa hiyo kijana wangu alisimama pembeni na kile kifaa cha mkononi kinachosoma mizunguko kwa mwanga. Hapa juu hewa ni nyepesi, namba huwezi kuisoma kama uko Mombasa, ndiyo maana niliiweka mbele yangu rekodi ya ndege hiyohiyo, kiwanja hikihiki, kabla ya lile shimo. Tofauti: mizunguko 20. Nikaandika kwenye logibuku, nikatia sahihi, mkono ukiwa mtulivu.

Ikabaki ile ya zamani. Huwa siachi propela iliyokataliwa ikizurura nzima, maana najua baada ya miaka miwili itarudi kwangu imepakwa rangi, imefungwa kwenye blanketi. Nilikuwa nimeshaibana kwenye jiliwa na msumeno uko mkononi, nikamwona yule mwanafunzi mlangoni. Tangu siku ile alikuwa hajakanyaga hangani, alikuwa anapita njia ya mbali ya kuelekea darasani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Shika huku."

Tukakata kwanza pale penye namba, katikati ya 69 na 58, tukipokezana. Alumini ya ndege ni ngumu kuliko inavyoonekana, tulitumia karibu saa nzima. Alipomaliza kujifuta jasho akauliza kama anaweza kuchukua ile ncha iliyokunjika. Nikamwambia Kapteni ameshaitafutia msumari ukutani. Achukue ya upande wa pili, ile iliyoonekana nzima.