Mkia wa Pomboo Ulibanduka Njiani

Mkia wa pomboo wetu wa mozaiki, picha ya vijiwe tuliyoibandika ubaoni kwa chokaa, ulibanduka treni haijafika hata nusu ya njia. Vijiwe 11 vyekundu vilidondoka chini ya kiti, kimoja baada ya kingine, na vyeupe vilivyopakana navyo havikutikisika. Watoto walinyamaza kimya. Niliviokota vyote nikavifunga kwenye leso.

Tulitoka Fishbourne, karibu na Chichester, kusini mwa Uingereza. Pale pana jumba la Warumi lililojengwa mnamo mwaka 75, likaungua mnamo 270, likafukiwa na udongo wa mashamba hadi 1960, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji walipoligonga. Sakafu zake za mozaiki ziko palepale zilipotandazwa. Mashuhuri kuliko zote ni ya karne ya 2: Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, amempanda pomboo, na farasi wa baharini wamewazunguka. Ukienda na watoto, waambie wamtafute ndege mdogo aliyekaa kwenye mapambo ya mzabibu. Wataalamu hudhani ni alama ya fundi. Kisha waonyeshe jinsi sakafu inavyopanda na kushuka kama mkeka uliotandikwa juu ya mchanga. Chini kulikuwa na mashimo na mitaro ya zamani iliyofukiwa. Udongo ukatitia, na vijiwe vikaufuata.

Warsha ya mozaiki ilikuwa mchana, mahali pengine, pauni 18 kwa kila mtoto, chai na mkate kando. Bei ilinichoma, ila kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na gogo lililosimikwa patasi, makali yakitazama juu. Unalaza jiwe juu ya makali, unapiga nyundo sawasawa na mstari wa makali. Mkono ukienda upande hata kidogo, jiwe linapasuka mshazari na halikai vizuri. Vijiwe vya uwanja, yaani sehemu inayozunguka umbo, vina sentimita 1 kila upande. Vya jicho na mdomo ni nusu yake. Miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa sababu vigae hurusha vipande vikali. Glavu nazo ni lazima, maana chokaa mbichi inaunguza ngozi.

Udongo wa kubandikia vijiwe ulikorogwa kwa kipimo 1 cha chokaa, 2 vya mchanga na 1 cha unga wa vigae. Unapaka unene wa sentimita 1 kwenye sehemu unayoweza kuijaza kwa dakika 20 tu. Ukipaka ubao mzima, juu panaota ngozi na vijiwe havishiki. Unaanza na umbo la mnyama, unalizungushia mstari mmoja wa vijiwe vya uwanja, ndipo unajaza kwingine. Ukianza na uwanja, pomboo atakosa nafasi ya pezi.

Lililosahauliwa ni ndoo ya maji. Vijiwe vyekundu ni vigae vilivyochomwa, navyo hunywa maji kama sponji. Vikibandikwa vikavu, vinafyonza unyevu wa chokaa palepale vinapogusa, nayo inabaki vumbi. Jiwe jeupe gumu halifyonzi hivyo. Ndiyo maana mkia ulikwenda na tumbo likabaki. Juu ya hilo, tulikabidhiwa mbao zetu baada ya saa mbili. Chokaa haikamati kwa kukauka kama tope. Inakamata polepole kwa kuvuta hewa ukaa huku ina unyevu, na hilo ni jambo la siku na wiki. Vitruvius, mwandishi Mrumi wa ujenzi, alitaka chini ya vijiwe kuwe kwanza na mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha kokoto 3 kwa chokaa 1, unene usiopungua robo tatu za futi, kisha vigae vilivyopondwa 3 kwa chokaa 1. Watu waliotandaza hayo yote wasingekubali mtu akanyage siku hiyohiyo.

Nikawaza waashi wa pwani yetu. Matumbawe yanapangwa juu ya duara la magogo, tanuu inawashwa, chokaa inazimwa kwa maji na kuachwa ilale muda mrefu kabla ya kugusa ukuta. Kule Lamu niru, yaani plasta laini ya chokaa, inapakwa nyembamba na kusuguliwa hadi ing'ae. Fundi wa kule angeuliza maji yako wapi kabla hajashika mwiko.

Nyumbani tulikwangua vumbi lote kwenye kitako cha mkia, tukalowanisha ubao kwa brashi, tukaloweka vijiwe 11 hadi mapovu yakaisha. Tukapaka chokaa mpya, tukavirudisha, tukafunika kwa kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki juu yake. Mtoto mdogo ana zamu ya kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Leo ni siku ya nne, na hatujakifunua.