Tafakari ya wiki: Ibrahimu alipomlilia Sara (Mwanzo 23)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, ni wiki ya kumkumbuka mama yetu, sasa ni miaka sita tangu atutoke, na tangu Jumatatu kila nikifungua Biblia najikuta nimerudi palepale, Mwanzo 23. Ni mlango ambao wengi tunaupita mbiombio tukijua ni habari za kununua shamba basi.

Mstari wa kwanza tu unasema Sara aliishi miaka 127. Kwenye Mwanzo wanaume wanahesabiwa miaka mpaka unachoka kusoma, fulani aliishi miaka kadhaa akafa, fulani naye hivyo hivyo, lakini mwanamke aliyeandikiwa kafa na miaka mingapi ni huyu peke yake. Mstari wa pili Ibrahimu anakuja kumlilia na kumwombolezea. Sasa mzee huyu tunamjua, kaacha kwao, kapigana na wafalme, kamwaga Hajiri na Ishmaeli jangwani, kampandisha mwanae mlimani na kuni mgongoni, na kote huko hatusomi kwamba alitoa chozi. Tunasoma alilia kwa mkewe.

Nalisema hili kwa sababu kwenye msiba wetu kuna mtumishi alisimama akatuambia kulia sana ni kukosa imani, mama kapumzika. Nia yake ilikuwa nzuri, sikatai. Ila baba alinyamaza kuanzia pale mpaka watu wakatawanyika, akakaa mkavu hivyo hivyo miezi, akaja kulia siku moja ya kawaida tu alipofungua Biblia ya mama na kukuta miwani yake humo ndani, ile yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, imebanwa kwenye Zaburi ya 71. Mama alikuwa na tabia ya kuacha miwani ndani ya kitabu ili asipoteze alipoishia, alafu anazunguka nyumba nzima anauliza nani kanichukulia miwani yangu. Na Zaburi yenyewe ndo ile ya mtu mwenye mvi anayemwomba Mungu asimwache kwanza, mpaka awasimulie walio nyuma yake. Baba alikaa chini pale pale. Mimi nilitoka nje nikamwachia nafasi, maana hata sisi watoto hatujazoea kumuona.

Turudi kwa Ibrahimu. Kaahidiwa nchi nzima, na siku mkewe anakufa hana hata pa kumzika, anajiita mgeni na msafiri mbele ya Wahiti. Efroni anamwambia chukua tu shamba nakupa, mzee anakataa, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote. Nimeshasikia mahubiri kwamba hapo alipigwa bei, kwamba angebembeleza kidogo angepunguziwa. Jamani, anayehubiri hivyo bado hajafiwa. Na ukiangalia vizuri, kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kuwa chake kihalali kilikuwa ni kaburi la mkewe, pango la Makpela na shamba lake na miti yake yote.

Alafu piga hesabu, wanaopenda hesabu. Alimzidi Sara miaka 10, kwahiyo alikuwa na 137. Alikufa na 175. Miaka 38 bila Sara! Alioa tena, ndio, Ketura na watoto, lakini alipokufa yeye Isaka na Ishmaeli walimpeleka Makpela.

Isaka naye mama alimuacha akiwa na miaka 37, akaoa na 40, na ndo Biblia inasema akapata faraja ya kufiwa na mama yake. Mtu mzima kabisa, miaka mitatu. Tena Rebeka anaingizwa kwenye hema la Sara, ina maana hema lilikuwa bado limesimama. Sisi wiki ya pili tu tulishaanza kugombana nani agawe nguo za mama, na nakiri hapa kwamba mimi ndo nilikuwa na haraka kuliko wote, dada yangu alinikatalia na alikuwa sahihi.

Lakini kilichonishika zaidi wiki hii ni wajukuu. Esau na Yakobo walizaliwa Isaka akiwa na 60, bibi yao alishaondoka miaka 23 nyuma. Babu yao alikuwa na 160, akaishi mpaka wakafika 15. Waliongea nini na mzee jioni Biblia haisemi. Ila nenda Mwanzo 49, Yakobo yuko Misri anakufa, ana miaka 147, anawaagiza wanae wasimzike kule, na anawatajia pango lipi, kwenye shamba la nani lilinunuliwa, na nani yuko ndani, Ibrahimu na Sara mkewe. Hakuwahi kumuona Sara hata siku moja! Kuna mtu alimkalisha chini akamwambia.

Mama alikuwa halali mpaka ahesabu viatu mlangoni. Haulizi mtu, anainama na tochi anahesabu, akikuta pea moja haipo mlango haufungwi, na hata tulipokuwa watu wazima na watoto wetu tukienda kulala kwake ilikuwa ni hivyo hivyo. Sasa mjukuu wa mwisho ana miaka minne, bibi hamjui ila kwenye picha. Baba kamsimulia habari ya viatu, na mtoto kaichukua kazi, kila jioni anainama pale anahesabu kwa sauti, akifika sita anaruka nane.

Juzi nilitoka nje kupokea simu, mtandao ndani ulikuwa mbovu, nikakaa huko kama robo saa. Nikasikia baba anasogeza komeo, na sauti ya mtoto nyuma ya mlango, "Babu usifunge, kuna mtu hajarudi."