Si rovu, ni mshipa wa damu

Majirani wa Kibosho wanaokuja kumpa baba pole wakiona kovu wanadhani alitolewa rovu. Kovu la rovu hukaa mbele. La baba linashuka pembeni ya shingo kutoka chini ya sikio, na nalieleza hapa kwa sababu wengi wetu tuna wazee wenye presha.

Alikuwa barazani anachambua maharage akasema jicho la kushoto limeshukiwa na pazia jeusi. Dakika chache baadaye likafunguka, mama akasema ni njaa. Tulimpeleka hospitali siku ileile, na hilo ndilo nawasihi: pazia lile lilikuwa kiharusi cha kupita, yaani damu ilikatika kwa muda mfupi, na kikishapita, siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi ya kupata kiharusi kamili.

Altrasaundi ilionyesha karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, umebanwa na mafuta yaliyoganda, ila taya lilificha mafuta hayo yanaishia wapi. CT skani ndiyo iliyoonyesha yote. Kwa wengi karotidi hugawanyika usawa wa kikoromeo. Ya baba inagawanyika juu kabisa, karibu na pembe ya taya, na tawi linalokwenda kwenye ubongo limejikunja kitanzi. Daktari wa Dar es Salaam alituchorea nyuma ya bahasha ya picha: kupitisha waya na kuweka stenti, kibomba cha wavu cha kupanua mshipa, kwenye kona zile ni hatari, na kupasua juu vile kunakaribia neva inayoendesha ulimi.

Akamwambia baba kuhusu utafiti wa Amerika Kaskazini wa 1991. Kwa wenye dalili na mshipa uliobana asilimia 70 au zaidi, waliopata kiharusi upande huo ndani ya miaka miwili ni asilimia 26 kwa dawa peke yake, na 9 kwa waliopasuliwa.

“Na hao tisa, daktari?”

“Mzee wangu, wengine hukipata kwenye upasuaji wenyewe.”

Baba akanyamaza, kisha akaomba kalamu asaini.

Mpira wa kupumulia ulipitia puani ili mdomo ufungwe na taya lipishe kisu. Walikata tawi kwenye shina, wakaligeuza kama mkono wa shati, wakavua uchafu, wakapunguza urefu uliozidi na kulishona chini zaidi. Kitanzi kikaisha.

Ulimi uliegemea kushoto kwa wiki kadhaa, mtori ukawa unampalia. Sasa umenyooka. Tumbaku ameacha, aspirini haachi, na presha nampima mwenyewe kabla ya chai.