Nilivyompisha mjane wa askari wa Amin

Mume wangu alivuka Mto Kagera na jeshi la Tanzania mwanzoni mwa 1979, kumpiga Idi Amin wa Uganda, akaishia njia ya Masaka. Nilikuwa na miaka 21 na mimba ya miezi saba. Tangu hapo, askari wa Amin kwangu walikuwa na jina moja tu: manduli.

Huyu mama nilimkuta Mutukula, upande wa Uganda, akiuza maharage na bintiye. Tulizoeana kwa bei, kisha kwa maneno, maana Kiswahili chake cha kambini kinachechemea lakini kinafika. Siku aliposema kwao ni Koboko, kwao Amin pia, na kwamba mumewe alikuwa askari aliyeuawa Lukaya Machi 1979, niliacha gunia palepale nikarudi Bunazi. Miezi miwili sikukanyaga huko.

Kilichonirudisha si huruma. Alikuwa na deni langu. Alinilipa yote, halafu akauliza: "Mama, wewe iko na kaburi?"

Nikamwambia ninalo, Kaboya kule Muleba, walikolazwa wanajeshi wetu. Yeye hana. Habari za kifo zilimkuta akikimbia na watoto kurudi kwao, vita vikawafuata hadi huko, wakavuka kuingia Zaire. Aliporudi hakupata wa kumwonyesha hata shimo. Akaniomba nimpeleke akaone langu.

Nilikaa na ombi hilo wiki nyingi. Mwanangu alisema nimechanganyikiwa, huenda.

Tulipofika Kyaka, garini, akauliza kama daraja la Mto Kagera ndilo hili. Nikajibu, "Ndilo. Lile la kwanza mlililipua." Nilisema *mli-*, kana kwamba alibeba baruti yeye mwenyewe. Hakujibu. Aliangalia maji tu, na mimi nikaanza kutafuta peremende kwenye mkoba ili nisimtazame.

Kaboya nilimpa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni sisi Wahaya. Akakunja uso, akaitema kiganjani kwa adabu. Nilicheka, mara ya kwanza kucheka mahali pale.

Kisha nikapiga magoti penye mume wangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba akilia nitamfukuza: alie kwa lipi, kwa mtu wangu? Alisimama nyuma, mikono kifuani, hakusogea. Baada ya muda akanong'ona, "Nalia hapa kidogo, inawezekana?"

Nikavuta kanga yangu, nikasogea nimpishe.