Kati ya kona ya pili na ya tatu

Jumatatu jioni, sikukuu.

Mji umetulia kama nyumba iliyoaga wageni wa harusi. Mbio za magari za maili 500 ziliisha jana. Watu wamerudi makwao, na kando ya barabara ya Georgetown yamebaki makopo, viti vilivyovunjika miguu na harufu ya mkaa. Nimeshinda ndani. Miguu inaniuma kwa kusimama ghalani wiki nzima, na kuna mtu mmoja hanitoki kichwani: Ed Elisian, dereva wa mbio hizi wa miaka ya hamsini.

Nianzie mbali kidogo.

Nilipohamia upande huu wa magharibi wa Indianapolis, Mei ya kwanza nilidhani jirani kuna kiwanda cha mbao. Mlio kama wa msumeno, unapanda, unashuka, unapanda tena, mchana kutwa, hadi jikoni nikikaanga samaki. Kumbe ni mazoezi. Magari yenye magurudumu nje, binamu wa langalanga, yanazunguka uwanja wa maili mbili na nusu uliojengwa mwaka 1909 na kutandikwa matofali milioni 3.2. Siku hizi matofali yamebaki mstari wa yadi moja tu pale pa kumalizia, kwingine kote ni lami. Watu hupiga magoti wakayabusu. Mimi sijayabusu bado. Mama akisikia ataniuliza kama nimebadili dini.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mzee jirani yangu, fundi mstaafu. Mlango wa gereji yake umezuiwa na pistoni ya zamani, na mtu aliyekulia gereji za Tanga hawezi kuipita pistoni bila kuishika. "Offenhauser hiyo," akaniambia, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja jina la marehemu baba yao. Injini ya silinda nne, lita 4.2, na bloku yake imesubiwa kitu kimoja na kichwa cha silinda. Maana yake hakuna gasketi ya kichwa ya kuungua. Nilicheka peke yangu. Robo ya utoto wangu niliimaliza nikiwashikia mafundi tochi wakibadilisha gasketi, na kumbe Wamarekani hawa walikuwa wameshalikata tatizo hilo mzizi. Kuanzia 1947 hadi 1964 hakuna injini nyingine iliyoshinda hapa.

Mzee huyu Mei nzima hali karanga. Hakuna ubishi. Madereva wa zamani waliamini karanga ni mkosi, na gari la kijani pia. Mwaka 1965 Jim Clark, Mskoti, alikuja na Lotus ya kijani yenye injini nyuma ya dereva, akashinda, na magari yale marefu yenye injini mbele yakawa yamekwisha kazi. Unadhani mzee alikubali mkosi umevunjika? Anasema mkosi ulikuwa ndio huohuo, ila uliwapata wenye Offenhauser.

Akianza kusimulia, huanza na Bill Vukovich, mtoto wa wahamiaji wa Kiserbia, aliyekulia mashambani karibu na Fresno, California. Mfupi, mkimya, hapendi waandishi wa habari. Yeye na ndugu zake walianza na vigari vidogo vya viwanja vya vumbi. Mwaka 1952 alikuwa anaongoza hapa, imebaki mizunguko minane kati ya 200, pini ya usukani ikakatika. Akalipangusa gari ukutani mpaka likasimama. Mwaka uliofuata akaongoza mizunguko 195, siku ya joto la kutisha ambalo lilimuua dereva mwingine, Carl Scarborough. Husimuliwa kwamba walipomuuliza Vukovich habari za joto hilo, aliwaambia wakaendeshe trekta Fresno mwezi wa Julai ndipo wazungumze naye habari za joto. Mwaka 1954 akashinda tena, akitokea nafasi ya 19. Ukizijumlisha mbio zake zote hapa, alizunguka mara 676, na mara 485 kati ya hizo hakukuwa na mtu mbele yake.

Tarehe 30 Mei 1955 alikuwa anaongoza tena, mzunguko wa 57. Mbele yake walikuwa madereva aliotaka kuwapita kwa mzunguko mzima. Wametoka kona ya pili, wanaingia sehemu ndefu iliyonyooka upande wa nyuma wa uwanja. Ekseli ya gari la Rodger Ward ikakatika, gari likapinduka. Al Keller akakwepa, akamgonga Johnny Boyd. Vukovich hakuwa na pa kupita. Akaligonga gari la Boyd, akaruka juu ya ukuta wa nje, akaanguka upande wa pili miguu juu, moto ukawaka. Alikuwa na miaka 36.

Madereva wengine walipita. Ndiyo kawaida, na silaumu: bendera ya njano imetoka, unapunguza mwendo, unakaza macho mbele, unamwachia Mungu na wazima moto. Mmoja hakupita. Ed Elisian, mwenye asili ya Armenia, Mkalifornia mwenzake na rafiki yake, alilisimamisha gari lake pembeni, akaruka nje, akavuka njia kwa miguu huku magari ya wenzake yakiendelea kupita, akikimbilia ule ukuta. Hakuweza kumsaidia kitu. Mbio zake mwenyewe zikaishia hapo.

Nimeirudia picha hiyo kichwani mara nyingi zaidi ya nilivyomrudia Vukovich. Mtu amengoja mwaka mzima kupata nafasi moja kati ya 33. Kuna tajiri mwenye gari, kuna mafundi, kuna pesa. Analiacha tu, kama mtu aliyeacha baiskeli barabarani kwa sababu mtoto wa jirani ameanguka kisimani.

Sasa ngoja mwaka 1958.

Mwezi mzima wa Mei Elisian na Dick Rathmann walikuwa wanashindana nani mwenye kasi, wote wakikaribia maili 146 kwa saa. Mstari wa mbele: Rathmann, Elisian, Jimmy Reece. Kabla ya bendera kulitokea vurugu, watatu hao wakaachana na kundi, wakahangaika kurudi kwenye nafasi zao. Kisha bendera ya kijani. Elisian na Rathmann wakaondoka kama wenye ugomvi. Kona ya kwanza, ya pili, ule mnyoosho wa nyuma, na hakuna anayetaka kuinua mguu. Wakafika kona ya tatu, gari la Elisian likazunguka kama pia, likamsukumia Rathmann ukutani. Reece akafunga breki. Nyuma yao magari yakaanza kupandana, kumi na kitu, na la Pat O'Connor likalipanda la Reece, likaruka, likaanguka kichwa chini na kuwaka. O'Connor alikuwa na miaka 29. Kwao ni North Vernon, humuhumu Indiana. Mtoto wa nyumbani.

Mzee jirani yangu alikuwa na miaka kumi na moja, akisikiliza redioni na baba yake. Mpaka leo hamtaji Elisian kwa jina. Anasema "yule wa hamsini na nane." Nikamwambia, mzee, si ndiye huyohuyo wa hamsini na tano, aliyekimbia kwa miguu? Akanyamaza. Akaisogeza pistoni kwa ncha ya kiatu. "Ndiye," akasema, na tukahamia habari za mvua.

Chama cha mbio kilimfungia Elisian, kikamfungulia baadaye. Mdomo wa watu haukumfungulia. Alikuwa na sifa ya kupenda kamari, kwa hiyo maneno yalipata pa kushikia. Tarehe 30 Agosti 1959, Milwaukee, gari lake lilipinduka na kuungua naye ndani. Miaka 32.

Na hakuwa peke yake. Ukilichukua kundi la 1958 tu, Reece alikufa Trenton mwezi Septemba mwaka huohuo. George Amick, aliyemaliza wa pili, alikufa Daytona Aprili 1959. Jimmy Bryan, mshindi mwenyewe, Juni 1960, kwenye uwanja wa vumbi wa Langhorne, Pennsylvania, mviringo usio na sehemu iliyonyooka hata moja, mikono haipumziki. Tony Bettenhausen, Mei 1961, hapahapa Indianapolis, akilijaribu gari la mwenzake. Bila mikanda ya leo, bila nguo za leo zisizoshika moto; vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka vililazimishwa mwaka 1959, O'Connor ameshazikwa.

Niweke hapa jambo moja lisilo la Elisian, maana nikiliacha nitajidharau. Katika hadithi hizi zote za mzee hakuna mtu mweusi. Si kwa sababu hawakuwepo. Kuanzia 1924 madereva weusi walikuwa na mbio zao za maili 100 kwenye uwanja wa maonyesho wa jimbo, ule ambao sisi tunakwenda Agosti kula mahindi. Zikiitwa Gold and Glory. Bingwa wao Charlie Wiggins alianza maisha akipiga viatu rangi Evansville, mbele ya gereji, akaingia ndani akawa fundi wa kuogopwa. Mbio kubwa za maili 500 hakuruhusiwa kukanyaga kama dereva. Mwaka 1934 alilitengeneza gari la Bill Cummings lililoshinda, lakini kwa karatasi aliandikwa mfagiaji. Mwaka 1936 ajali ikamkata mguu. Akachonga wa mti, akarudi gerejini. Alifariki 1979, na kaburi lake pale Crown Hill lilikaa bila jiwe mpaka 2003. Elisian walau alipewa nafasi ya kukosea.

Kwa nini basi namfikiria Elisian na siyo Wiggins? Nadhani ni kwa sababu ya mjomba.

Mjomba wangu aliendesha basi, Tanga na Dar, Tanga na Lushoto, miaka ishirini na zaidi. Sisi watoto tulikuwa tunaujua mlio wa honi yake. Usiku mmoja wa masika basi lilimshinda darajani, wakafa watu. Breki au usingizi au utelezi, kila mtu alikuwa na yake. Mahakama ilimwachia. Mtaa haukumwachia. Akawa "yule wa darajani". Watoto waliozaliwa baada ya ajali wakamjua kwa jina hilo, wakimwona kwenye baraza ya nyumba yetu na kanzu yake, redio sikioni, hana neno. Miaka ishirini ya kufikisha watu makwao salama haikumpatia jina lolote.

Nilimpigia mama leo asubuhi, saa yao ya alasiri. Nikamuuliza kama anakumbuka mjomba aliwahi kusema chochote kuhusu ile siku.

"Unayatafuta ya nini hayo mwanangu?"

"Nasoma habari za madereva, mama."

"Mjomba wako mwache alale." Kisha, baada ya kimya ambacho kiliniunguzia salio: "Alikuwa hapiti lile daraja. Ukimwalika harusi ya ng'ambo, anatuma zawadi."

Elisian yeye alipita. Hilo nililiona Jumatano, nilipolipia basi la watalii linalokuzungusha uwanjani. Siku za kazi hizi mtu unafanya mambo ya ajabu. Dereva alikuwa mama mchangamfu mwenye kipaza sauti, akitueleza matofali, kombe, na maziwa anayokunywa mshindi. Tukaingia ule mnyoosho wa nyuma. Nje ya ukuta kuna uwanja wa gofu, mtu amevaa kofia nyeupe anatafuta mpira wake kwenye nyasi. Ni upande huo Vukovich alikoangukia. Kuanzia hapo hadi kona ya tatu haifiki kilomita moja. Mwaka 1958, mzunguko wa kwanza, mguu chini, Elisian aliupita ukuta aliowahi kuukimbilia kwa miguu, na ndani ya sekunde 15 alikuwa anazunguka kama pia mbele ya kundi zima.

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Basi letu lilikuwa linakokota. Nilifika themanini na saba ndipo tukaanza kuinamia kona, na mtoto mmoja kiti cha nyuma akauliza kwa sauti kubwa kama choo kiko mbali.