Vipande vya gredi ya 8 kwa obo na basuni: tulipofikia

Wanafunzi wangu wawili, mmoja wa obo na mmoja wa basuni, wanajiandaa kwa mtihani wa gredi ya 8 wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Kila mmoja anahitaji vipande vitatu, kimoja kutoka kila orodha: A, B na C. Nadharia ya gredi ya 5 wameshaimaliza, maana bila hiyo, au mbadala wake unaokubaliwa, huwezi kusajiliwa kuanzia gredi ya 6 kwenda juu. Mtihani mzima una alama 150, na kila kipande kinabeba 30. Ukijumlisha, vipande peke yake ni alama 90, zaidi ya nusu. Kufaulu ni 100, na daraja la juu kabisa linaanzia 130. Ndiyo maana kazi ya kuchagua nimeipa muda wake kabla ya kuanza mazoezi yenyewe.

Walimu wengi huanza kwa kupima ugumu wa noti. Mimi naanza na pumzi. Obo na basuni zote ni ndugu wa zumari, zinapulizwa kwa tete maradufu (vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja), lakini kila moja humchosha mpulizaji kwa namna yake.

Obo

Kwenye obo hewa haikuishii, hukusonga. Mwanya wa tete ni mwembamba mno, hewa inayopita ni kidogo, na mpulizaji hufika mwisho wa kifungu akiwa na kifua kilichojaa hewa iliyokwisha kutumika. Lazima kwanza aitoe, ndipo avute mpya. Hilo linahitaji nafasi ya mara mbili, na si kila mtunzi ameitoa.

Mwanafunzi wangu aliitamani Romansi ya kwanza katika zile tatu za Schumann, opus (namba ya kazi) 94, za mwaka 1849. Namwelewa kabisa, ni muziki unaoingia moyoni mara ya kwanza tu kuusikia. Tukauandikia kwa penseli alama mbili tofauti, moja ya kutoa hewa na nyingine ya kuvuta. Sentensi zake ni ndefu, mapumziko ni machache na mafupi. Alifika mwisho, ila midomo ilikuwa imelegea na sauti imeanza kushuka. Peke yake kipande hicho angekipiga vizuri. Lakini mtihani haumsikilizi akiwa na kipande kimoja, na mimi navipima vitatu kwa mkupuo.

Tukahamia sehemu ya pili ya sonata ya Saint-Saëns, opus 166, ya mwaka 1921. Hapo moyo wangu umetulia. Inaanza na kumalizika kwa uhuru, piano ikishikilia akodi huku obo ikisimulia kwa mwendo wake yenyewe. Katikati ndipo kuna mdundo wa kubembea wa 9/8. Anayepuliza ndiye anayeamua lini apumue, na uamuzi huo unasikika kama sehemu ya usimulizi. Mtahini anayetafuta hisia atazipata hapo, na midomo itakuwa bado na nguvu.

Kwa kipande cha wepesi tunajaribu sehemu ya kwanza ya koncherto (muziki wa chombo kimoja na okestra) ya Mozart, K. 314 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ya mwaka 1777. Mara tu obo inapoingia inapanda mbio kisha inashika C ya juu kwa baa nne, yaani vipimo vinne vya mdundo. Noti hiyo moja inafichua kila kitu: tete, midomo, tumbo. Nimeamua ikae mwanzo kabisa, angali mbichi. Cha tatu ni Pan, kipande cha kwanza katika Six Metamorphoses after Ovid za Britten (1951), ambacho hakina piano na kina vituo vingi vya kupumua.

Angalizo kwa wanaofuata njia hii: orodha hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo kila jina ninalolitaja hapa likaguliwe kwenye silabasi ya mwaka wa mtihani kabla ya kununua nakala.

Basuni

Huku hewa inatumika kwa wingi na midomo haibanwi vile. Tabu iko kwenye kidole gumba cha kushoto, ambacho peke yake kinahudumia msururu wa vitufe, na kwenye kusikika. Basuni inaimba palepale unapocheza mkono wa kushoto wa piano, na mpiga piano mzito anaifunika bila kujua. Basi tulipoanza kuonja vipande, nilisoma karatasi ya piano kabla ya ile ya basuni.

Sonata ya Telemann katika F ndogo (F minor) ilipita mtihani huo bila shida. Sehemu yake ya kwanza, Triste, ina mistari inayolia taratibu, na usindikizaji wake ni mwepesi. Romansi ya Elgar, opus 62, inapendeza pia. Elgar mwenyewe alipuliza basuni ujanani, na inaonekana: ameiacha iimbe mahali inapopenda kuimba. Kwa kazi ya vidole kuna koncherto ya Mozart, K. 191, ya mwaka 1774, yenye miruko mipana kutoka juu hadi chini. Miruko hiyo naipenda kwa mtihani kwa sababu inaonyesha sauti zote za chombo ndani ya baa chache.

Jambo jingine lililonisukuma ni ufunguo wa tenor, alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti zinasomwaje. Kipande kinachopanda na kushuka kati ya ufunguo wa besi na wa tenor kinamzoesha mwanafunzi macho kila siku, na faida yake inaonekana pia kwenye kusoma noti papo kwa papo.

Mpangilio

Mtahiniwa ana ruhusa ya kuchagua aanze na nini, na mpiga piano hukaa chumbani wakati wa kusindikiza tu. Kwa obo nimepanga hivi: Mozart, Saint-Saëns, mpiga piano atoke, kisha Pan. Baada ya hapo majaribio ya sikio, ili midomo ipumzike, na skeli mwishoni.

Kwa basuni bado hatujaamua kati ya Elgar na Telemann. Zote mbili ni za polepole na nafasi ni moja tu. Tukikutana na mpiga piano, zitapigwa zote mbili mfululizo baada ya Mozart, nami nitakaa upande wa mbali wa chumba, pale meza ya mtahini hukaa, nisikilize ni ipi inayonifikia.